Kabla ya Kulaumu Bei, Tujiulize



Hapa Ifakara na katika bonde zima la Kilombero, mpunga ndio mali yetu. Tunavuna kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba. Lakini kila mwaka kilio ni kile kile: "Bei mbaya!"

Siku moja tuliyaandika maneno hayo ubaoni. Tukawauliza wanakisomo: "Bei hiyo mnaweza kuibadilisha?" Wote wakajibu hapana. Basi tukayafuta, tukaandika swali jingine: "Mpunga wetu unapotelea wapi?" Hapo kila mtu akawa na la kusema.

Kwanza ni kipimo. Mzee mmoja alikuwa ameuza magunia 12 ya lumbesa. Tukafanya hesabu pamoja. Gunia lake la kawaida huingia debe 6. Lumbesa ilibeba debe 7. Kwa hiyo kila gunia lilitoa debe 1 la bure. Magunia 12 ni debe 12, yaani magunia 2 kamili. Mzee akashika kichwa. "Kumbe nimeuza 14 nikalipwa 12!" Sheria ya vipimo inakataza lumbesa. Lakini aliyelijaza lile gunia alikuwa nani? Ni yeye mwenyewe. Tuuze kwa mizani, na tuwe pamoja katika kuidai. Mkulima mmoja akikataa lumbesa peke yake, mnunuzi huenda kwa jirani.

Pili ni wakati. Mzee huyo aliuza karibu mpunga wote mwezi wa sita, maana alidaiwa fedha za trekta. Ilipofika mwezi wa pili akanunua mchele dukani, tena kwa bei ya juu. Hapo shida si bei, shida ni deni. Na deni lina dawa yake: kuku, bustani ya mboga, au chama cha kuweka na kukopa.

Tatu ni mtu tusiyemwuliza. Mkewe alikuwepo darasani. Akasema taratibu: "Mimi nilijua tangu siku ya kuuza kwamba chakula hakitatufikisha. Lakini hukuniuliza." Darasa zima likanyamaza. Mama ndiye anayepima chakula kila siku. Mtu haoni kisogo chake, ila mwenzake hukiona.

Ndugu msomaji, msimu huu kabla hujafunga gunia, kaa na wenzako wa nyumbani. Chukua daftari uandike:

1. Tumevuna debe ngapi?
2. Tutakula debe ngapi mpaka mavuno mengine?
3. Tunadaiwa nini, na je, lazima kilipwe kwa mpunga?
4. Nani hatujamwuliza?

Ukishajibu, ndipo umwite mnunuzi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kusoma na kuandika tumekwisha kujua. Sasa tukutumie penye mali yetu.