Diski Moja, Kompyuta za Namna Tatu

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa reli ya TAZARA hufika Makambako bila kubadili njia, na reli hiyohiyo huendelea hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, umbali wa kilometa 1,860 kwa jumla. Lakini behewa la TAZARA haliwezi kuingia katika Reli ya Kati ya zamani. Sababu ni upana wa njia: TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina milimita 1,067, na Reli ya Kati ina milimita 1,000. Tofauti ya milimita 67 tu ilitosha kulazimu kituo cha Kidatu kijengewe uwezo wa kuhamisha mizigo kutoka behewa moja hadi jingine.

Shida ya namna hiyo humpata pia mtu achukuaye maarifa katika diski ya nje. Ichukuliwe kwamba mwalimu wa Makambako amekusanya video za masomo ya baiolojia pamoja na matokeo ya mitihani ya miaka mitano, naye anaipeleka diski yake Njombe, mwendo wa kilometa zipatazo 60. Huko anakuta kompyuta ya aina nyingine. Huenda diski ikasomeka lakini isiandikike. Au hutokea ujumbe usemao kwamba diski haina budi kufomatiwa kwanza. Akikubali kwa pupa, kazi ya miaka mitano imo hatarini kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Maana ya kufomati

Diski mpya ni kama ghala lisilo na rafu wala daftari. Kufomati ni kuligawa ghala hilo katika visanduku vya ukubwa mmoja, viitwavyo klasta, na kuweka daftari lionyeshalo kila faili imo katika visanduku vipi. Utaratibu wa kuandika daftari hilo ndio uitwao mfumo wa faili. Windows hutumia NTFS, ulioanza 1993. Kompyuta za Apple hutumia APFS, tangu 2017. Na Linux mara nyingi hutumia ext4. Kompyuta ya Apple husoma NTFS, ila kwa kawaida haiandiki humo. Windows nayo haisomi APFS wala ext4 bila kuongezewa programu.

Mfumo wa FAT32, uliotolewa 1996, hufahamika na karibu kompyuta zote. Hata hivyo, hutumia biti 32 kuandika ukubwa wa faili, na namba kubwa kuliko zote iwezayo kuandikwa kwa biti 32 ni 4,294,967,295. Kwa hiyo faili moja haiwezi kuzidi baiti hizo, yaani karibu gigabaiti 4. Video ndefu itakataliwa hata kama diski ina nafasi tele.

Kwa ajili hiyo ulibuniwa exFAT, uliotolewa na Microsoft mwaka 2006. Mwaka 2019 maelezo yake yalitangazwa hadharani, na Linux ikaanza kuupokea katika kiini chake. Leo Windows, Apple na Linux za karibuni huusoma na kuuandika.

Faida na hasara

Hakuna faida isiyo na gharama. NTFS na ext4 huandika kumbukumbu ya badiliko la daftari kabla ya kulitekeleza, ili umeme ukikatika daftari liweze kutengenezwa. Mfumo wa exFAT hauna kinga hiyo. Kwa hiyo ni lazima kuiamuru kompyuta iiachie diski kabla ya kuchomoa waya.

Hasara ya pili ni ya nafasi. Katika diski kubwa, klasta ya exFAT kwa kawaida huwa kilobaiti 128, na faili ndogo hushika klasta nzima. Faili 10,000 za kilobaiti 4 kila moja, ambazo jumla yake ni kilobaiti 40,000, zitashika kilobaiti 1,280,000: mara 32 zaidi. Ni heri kuzifunga pamoja katika faili moja.

Utaratibu wa kufuata

Kwanza, yaliyomo yanakiliwe mahali pengine, na nakala ifunguliwe ili kuhakikisha ni nzima. Pili, jina na ukubwa wa diski vitazamwe, isije ikafutwa diski nyingine. Ndipo ichaguliwe amri ya kufomati na mfumo wa exFAT. Aliyekwisha kukosea asiandike chochote zaidi: katika diski ya sahani zinazozunguka, kufomati kwa haraka hufuta daftari tu, na mara nyingi fundi huweza kuyaokoa yaliyobaki ghalani.

Upana wa reli haubadilishwi kwa siku moja, na reli mpya ya kisasa imeleta kipimo cha tatu, milimita 1,435. Mwenye diski ana nafuu: yeye huchagua upana wa njia yake kabla ya mzigo wa kwanza kupakiwa.

Zoezi: Mfumo fulani hutumia biti 16 kuandika ukubwa wa faili. Je, faili yake kubwa kuliko zote itakuwa na baiti ngapi?