Sabufa Ndani ya Benchi la Baba

Najua miongoni mwenu wako walio na spika kuukuu nyumbani nao hawajui waifanyie nini. Kwa ajili yao nitaeleza jinsi nilivyotengeneza sabufa, yaani spika ya sauti nzito, ndani ya benchi la sebuleni kwetu Jinja, Uganda. Sharti nieleze pia jinsi nilivyoliharibu benchi hilo kwanza, maana katika kuliharibu ndiko nilikojifunza.

Benchi lenyewe alilitengeneza baba kwa mvule. Urefu wake ni sentimeta 120. Chini ni sanduku la kuwekea mablanketi, na juu yake mfuniko ambao watu huukalia. Mvule ni mti wa fahari kwetu Busoga, na siku hizi mbao zake hazipatikani kwa urahisi. Nilipomwomba baba ruhusa ya kulitoboa, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Haya, mwanangu. Lakini ukiliharibu, utalala juu yake." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Spika niliitoa katika gari bovu, ya inchi 10, yenye sumaku nzito na koni isiyopasuka. Kabla ya hiyo nilikuwa nimenunua nyingine mpya dukani, imeandikwa wati 1,000 kwa herufi za dhahabu. Sumaku yake ilikuwa ndogo kama kisosi, nayo iliungua jioni ya pili. Jina la duka silitaji. Nawaambieni tu, mkienda kununua spika, inyanyueni kwanza mkononi ndipo msome maandishi.

Basi nikachora duara la sentimeta 23 mbele ya benchi, nikalikata kwa msumeno mwembamba, nikafunga spika kwa skrubu. Nilidhani sanduku ni sanduku. Wimbo wa kwanza ulipoanza, gitaa la besi halikusikika hata kidogo, ila mfuniko uligonga kama mtu anayebisha hodi, na kikombe cha mama kikatembea chenyewe hadi ukingoni kikaanguka. Baba alitoka chumbani, akalitazama tundu, akanitazama mimi, akarudi bila kusema neno. Laiti angenigombeza!

Sasa nieleze kosa langu. Ndani ya spika mna koili ya waya iliyoshikamana na koni, nayo imekaa katikati ya nguvu ya sumaku. Umeme ukienda huku na huku, koili husukumwa na kuvutwa, na koni huisukuma hewa. Muundo huu, ambao Wamarekani Chester Rice na Edward Kellogg waliueleza mwaka 1925, ndio uliomo katika spika nyingi hata leo. Lakini angalia: koni ikienda mbele, hewa ya mbele hubanwa, na wakati uleule hewa ya nyuma hulegezwa. Pande hizi mbili zikikutana, moja hufuta nyingine.

Kwa sauti nyembamba jambo hili si tatizo kubwa, kwa kuwa mawimbi yake ni mafupi. Sauti nzito ni habari nyingine. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Gawanya mwenyewe, utaona kwamba wimbi moja lina urefu wa mita 8 na zaidi. Kwa wimbi refu namna hiyo, kuzunguka ukingo wa spika au kupenya katika ufa wa benchi ni hatua ndogo sana. Hewa ya nyuma huikuta ya mbele papo hapo, na besi hufa kabla haijafika sikioni.

Anayebisha na ajaribu. Shika spika tupu mkononi, piga muziki kwa sauti ya chini, kisha iweke juu ya tundu lililokatwa katika ubao mpana. Besi itatokea ghafula, ingawa hukuongeza umeme wowote. Jaribio hili ningalilifanya kabla ya kugusa mvule wa baba, ningalijiokoa.

Kwa hiyo ilinipasa kutengeneza sanduku lililozibwa kabisa, likae ndani ya benchi. Jambo hili la kuziba lina historia yake. Mwaka 1954 Edgar Villchur wa Marekani, pamoja na Henry Kloss aliyekuwa mwanafunzi wake, walianzisha kampuni ya Acoustic Research na kutoa spika iliyoitwa AR-1. Kabla yake, aliyetaka besi nzuri aghalabu alihitaji kabati kubwa. Villchur aliilegeza koni, akaiacha hewa iliyofungiwa sandukuni ifanye kazi ya springi, kama mpira uliojaa upepo unavyorudi ukiubonyeza. Sanduku dogo likatoa sauti nzito kweli.

Nilitumia plaiwudi ya milimita 18. Ndani, sanduku lina upana wa sentimeta 60, kimo 30 na kina 20. Zidisha upate sentimeta za ujazo 36,000, yaani lita 36. Kipimo hiki kiliifaa spika yangu. Yako yaweza kutaka kingine. Sanduku likiwa dogo mno, hewa yake huwa ngumu mno, na ile besi ya chini kabisa hupungua. Kila kiungo nilikipaka gundi ya mbao ndipo nikakaza skrubu, na baadaye nikapitisha silikoni pembe zote kwa ndani. Katikati niligundisha kipande cha mti kutoka ubao wa mbele hadi wa nyuma ili pande hizo zisipumue. Ubao unaopumua huimba wimbo wake mwenyewe, ambao hukuuomba. Chini ya ukingo wa spika niliweka sponji nyembamba, na ndani nikatia pamba ya mto mkuukuu.

Kisha nikawasha udi na kuupitisha polepole kwenye viungo huku spika ikitoa sauti nzito. Moshi ulitikisika mahali pamoja tu, pale waya zinapoingia. Nikapaziba.

Sanduku lisiliguse benchi. Langu limekalia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, na pande zote nimeacha nafasi. Tundu la spika linatazamana na lile tundu langu la aibu, ambalo mama amelifunika kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Mablanketi yamehamia upande mwingine.

Jambo moja msilichezee. Mara ya kwanza niliiweka amplifaya ndani ya benchi pamoja na mablanketi, nikafunga mfuniko. Baada ya nusu saa baba alisikia harufu. Blanketi lilikuwa limeanza kubadilika rangi. Amplifaya ina joto. Ikae nje, penye hewa. Tena izuie isipeleke kwenye sabufa mitetemo inayozidi 80 hivi kwa sekunde. Chini ya hapo sikio haliwezi kutambua vizuri sauti yatoka wapi, na hiyo ndiyo sababu sabufa yaweza kujificha ndani ya benchi wakati spika ndogo zimesimama mezani. Wageni huitafuta besi mezani, kumbe wameikalia.

Nilipomaliza nilimwita baba. Aliketi mahali pake pa siku zote nikapiga wimbo wa zamani aupendao. Hakusema kitu mpaka ukaisha. Kisha aliinua mfuniko, akalichungulia sanduku langu, akapitisha kidole kwenye viungo vya plaiwudi. "Pembe hii hukuipiga randa," akasema. Kesho yake nilimkuta ameipiga mwenyewe.

Iliyobaki ni habari ya jirani. Sauti nzito haizuiliwi na ukuta kama sauti nyembamba, na mzee wa nyumba ya pili hulala mapema. Nilikwenda kwake kumwomba radhi, tukapatana kwamba ikifika saa tatu usiku nizime. Siku za harusi, amesema, nimwarifu mchana ili apate kuja kuketi juu ya benchi naye.