Zinki: Toka Udongo Hata Sahani ya Mtoto



Sisi watu wa Lualaba tunajua madini. Kisenge tunajua manganizi, na Kolwezi wanajua shaba. Huko Kipushi, karibu na Lubumbashi, mgodi ulianza mwaka 1924, ukafungwa 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Zinki hupakwa juu ya mabati yasipate kutu. Lakini wengi hawajui ya kuwa mwili wa mtu pia unahitaji zinki, kidogo sana, kila siku.

Kazi yake ni nini? Inasaidia mtoto kukua, vidonda kupona, na mwili kushindana na magonjwa. Mtoto anayepungukiwa hakui vema, tena anaharisha mara kwa mara. Mwaka 1961 daktari Ananda Prasad aliandika habari za vijana wa Iran waliokuwa na kimo cha watoto. Chakula chao kilikuwa karibu mkate mtupu. Baadaye ilijulikana ya kuwa zinki iliwapungukia. Hapa Kongo, uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulionyesha ya kuwa watoto 43 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 ni wafupi kupita umri wao. Sababu ni nyingi, na kukosa zinki ni mojawapo.

Kwa nini tunaikosa? Kwanza, bukari ya mihogo ina zinki kidogo sana. Bukari ya mahindi inayo zaidi, lakini ndani ya punje mna kitu kinachoishika zinki, nayo hupita tumboni bila kuingia mwilini. Pili, mmea hauwezi kuweka katika punje kitu usichokipata katika udongo. Ukiona majani machanga ya mahindi yana mistari myeupe kando ya mshipa wa katikati, na mmea umedumaa, labda udongo umepungukiwa zinki.

Je, mbolea inaweza kusaidia? Ndiyo. Katika miaka ya 1990, huko Uturuki, wataalamu walitia zinki katika mashamba ya ngano ya Anatolia. Mavuno yaliongezeka, na zinki ya punje pia. Kunyunyiza majani baada ya masuke kutoka kulijaza punje zaidi. Mahindi hayaitikii sana kama ngano. Lakini Zimbabwe, katika udongo wa mchanga, mahindi yaliyopewa zinki pamoja na samadi au majani yaliyooza yalikuwa na zinki nyingi kuliko yaliyopewa zinki na mbolea ya dukani tu.

Basi tufanye nini?

1. Usichome majani na mabua. Yaache yaoze, uyachanganye na samadi ya mbuzi, ukayafukie shambani.

2. Ukinunua mbolea, tafuta herufi Zn juu ya mfuko, ndiyo zinki. Uliza agronomu kipimo, maana zinki ikizidi inadhuru mmea.

3. Angalia sana! Usichukue udongo wala matope ya mgodi kuwa mbolea. Pamoja na zinki humo mnaweza kuwa risasi na kadimiamu, nazo ni sumu kwa mtoto.

4. Usikoboe mahindi hata yawe meupe kabisa, kwa sababu zinki nyingi imo katika kiini na ganda. Loweka punje na kumwaga maji kabla ya kusaga, au chachisha unga wa uji. Hivyo kile kitu kinachoishika zinki kinapungua.

5. Pamoja na bukari na sombe, mpe mtoto maharagwe, karanga, samaki, viwavi, na nyama ikipatikana.

6. Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, tena umlete hospitali apate vidonge vya zinki. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri miligramu 20 kila siku, au 10 kwa mtoto aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hata 14. Usiache kumpa kwa kuwa kuhara kumekoma. Maliza siku zote.

Mbolea haitaleta dawa kwa siku moja. Anayelisha shamba lake leo, analisha mtoto wake wakati wa mavuno.