Mgeni Ndani ya Soweto East
Soweto East ni kimojawapo cha vijiji vya Kibera, jijini Nairobi. Mgeni hupotea humo upesi, kwa kuwa vichochoro ni vyembamba na mabati ya nyumba moja hukaribia kugusa ya jirani. Akiuliza njia hatajiwi barabara. Huambiwa apite kwa muuza makaa, aruke mtaro, kisha akate kona penye kinyozi. Alfajiri mandazi huelea kwenye karai la mafuta mlangoni, na mitungi ya manjano ya lita 20 hupanga foleni penye bomba.

Anayedhani mtaa huu hauna historia amekosea sana. Jina Kibera latokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Askari Wanubi wa jeshi la kikoloni walipewa makao hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Soweto ni jina lililoazimwa Johannesburg.

Mwaka 2009 wakazi wa sehemu ya kijiji walihamishiwa kwa muda Lang'ata ili wajengewe upya. Nyumba 822 za ghorofa zilikabidhiwa 2016, na leo zinasimama ubavuni mwa mabati yaliyobaki.