Ushirika Mchanga na Ritani ya Sufuri: Tuliyoyaona Nyeri

Anayepanda kutoka Mombasa hadi Nyeri hukuta nchi ya baridi na mashamba ya kahawa, na hukuta pia nchi ya vyama vya ushirika. Othaya, Mukurweini, Tetu, Karatina: kote huko mkulima huitaja namba yake ya uanachama wa kiwanda cha kahawa au cha maziwa kama sisi tunavyotaja mtaa tuliozaliwa. Jamaa zetu nao wapo huko tangu zamani, katika Majengo ya Nyeri na katika masoko ya miji inayouzunguka Mlima Kenya, na vijana wao sasa wanaanzisha vyama vyao wenyewe. Tunaandika kwa ajili yao na kwa ajili ya wenzao wa Likoni, Malindi na Lamu wanaofikiria kufanya vivyo hivyo, kwa kuwa sheria ya jambo hili ni moja, mlimani na pwani.

Jambo lenyewe ni jepesi kulitamka. Chama cha ushirika kilichokwisha kupewa PIN na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, ambayo watu huiita KRA, kinawajibika kupeleka ritani, yaani taarifa ya mapato yake ya mwaka, hata kama mwaka mzima hakikuuza kitu. Ritani hiyo huitwa ya sufuri. Kuipeleka hakugharimu senti. Isipopelekwa kwa wakati, adhabu ni shilingi 20,000, au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, ikiwa hiyo ndiyo kubwa zaidi. Mtu binafsi kwa kosa hilo hilo hutozwa kima cha chini cha 2,000, na huenda ndiyo sababu wengi hulichukulia jambo hili kwa wepesi; hawajui kwamba chama hupimwa kwa mizani nyingine.

Wazee wa nchi ile wana sababu ya kuichelea karatasi ya serikali. Kodi ya nyumba ilianza katika Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1901, ikihesabiwa kwa rupia, na kituo cha Waingereza cha Nyeri kilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 1902. Serikali na kodi viliingia kwa mlango mmoja. Baadaye ikaja sheria ya ushirika ya mwaka 1945 iliyowafungulia Waafrika njia ya kuandikisha vyama, na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulioeneza kahawa katika mashamba madogo madogo. Katika miaka hiyo yote karani wa kodi alikuwa mtu wa kuonekana. Mtu aliweza kumwona kwa mbali akajificha. Karani wa leo ni mtambo wa iTax. Habishi hodi. Huhesabu kimya kimya, mwezi baada ya mwezi.

Tuliliona hilo kwa vijana kumi na wanne wa huko, wake kwa waume, walioandikisha ushirika wa kuuza maziwa na mtindi. Sheria inataka watu wasiopungua kumi, nao walizidi. Kila mmoja alitoa hisa ya shilingi 5,000, jumla 70,000. PIN waliombewa na kijana wa saiba mapema mwaka 2024. Katika kujaza fomu, kijana yule alitia alama penye wajibu wa mwajiri, ule wa kukata kodi ya mishahara ambayo wafanyakazi wote huijua kwa jina la PAYE. Chama hakikuwa na mwajiriwa hata mmoja. Hakikuwa hata na jokofu; walikuwa wakilingojea.

Ritani ya PAYE ni ya kila mwezi, na mwisho wake ni tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Anayewajibika nayo asipoipeleka hutozwa asilimia 25 ya kodi au shilingi 10,000, lolote lililo kubwa. Tangu Machi 2024 hadi Mei 2025 ni miezi kumi na mitano, kwa hiyo 150,000. Ikaongezwa ritani ya mwaka 2024, iliyotakiwa kufika kabla ya kupita tarehe 30 Juni 2025, na adhabu yake ya 20,000. Walipokwenda kuomba cheti cha kutodaiwa ushuru, ambacho wasingeweza kupata zabuni bila yake, wakakuta wanadaiwa 170,000. Hisa zao zote, zikikusanywa mara mbili, hazikutosha.

Mweka hazina wao, binti wa miaka ishirini na mitatu, alituambia kwa sauti ndogo: "Shehe, sisi hatujauza hata kikombe kimoja."

Walikuwa wamesikia redioni habari ya msamaha wa adhabu za ushuru, wakautumainia. Msamaha ule ulikoma tarehe 30 Juni 2025, na ulihusu madeni ya vipindi vya kufikia 31 Desemba 2023 tu. Chama chao kilizaliwa baada ya mpaka huo. Ilibaki njia iliyo ndefu: kupeleka ritani zote zilizokosekana, kuomba wajibu wa mwajiri uondolewe, na kuomba kulipa kwa mafungu. Watatu kati ya wanachama walijitoa. Hatuwalaumu, mtu aliyetoa 5,000 za kuuzia maziwa hakutoa za kulipia alama moja iliyotiwa pasipo mahali pake.

Lakini ritani si ya kuepusha adhabu peke yake, na hapa ndipo viongozi wa vyama vichanga hupoteza zaidi bila kujua. Sheria ya kodi ya mapato imeuwekea ushirika kifungu chake. Bonasi na gawio ambalo chama kimetangaza na kulipa wanachama kwa fedha hutolewa kwanza katika hesabu, ndani ya kipimo kilichowekwa, ndipo kinachobaki kitozwe asilimia 30. Chama cha akiba na mikopo nacho hakitozwi kodi kwa kile kinachotokana na mikopo ya wanachama wake wenyewe. Nafuu hizo hazimfuati mtu nyumbani. Huonekana katika ritani, na ritani hujazwa kutoka katika hesabu zilizokaguliwa, na hesabu hizo zinatakiwa zisomwe mbele ya mkutano mkuu ndani ya miezi minne ya kufunga mwaka. Sheria ya Vyama vya Ushirika ni kali hapo: kamati inayofika mkutanoni bila hesabu zilizokaguliwa hupoteza viti vyake.

Kwa hiyo kazi yote imo katika daftari la mweka hazina. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kulishuhudisha, nasi tumeisomesha watoto miaka mingi kama kwamba inawahusu wafanyabiashara wakubwa tu. Lita ngapi zimepokewa, kwa nani, kwa bei gani, nani kalipwa: yaandikwe siku ile ile. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS hukataliwa katika hesabu ya kodi, isipokuwa zile chache zilizoachiliwa. Mama mwenye ng'ombe wawili hawezi kutoa ankara hiyo, na tangu mwisho wa mwaka 2024 sheria imeruhusu mnunuzi amtolee, madhali mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni tano. Ushirika unaonunua maziwa kwa akina mama thelathini una ankara za kuandika kila wiki. Ni kazi ya mtu, na afadhali alipwe kidogo kuliko kumwachia anayeifanya akipata nafasi.

Jambo la mwisho tulilokuta kwa vijana wale lilitushangaza kuliko faini. Arifa zote za KRA zilikuwa zimetumwa, hakuna hata moja iliyopotea. Zilikuwa katika barua pepe ya kijana wa saiba, ambaye ndiye pia aliyekuwa na neno la siri la chama, na ambaye alikuwa ameshahamia Nanyuki. Ilibidi mwenyekiti na katibu waende Huduma Centre na cheti cha usajili na vitambulisho ili anwani ibadilishwe. Chama chochote kinachosoma makala haya na kisichojua neno lake la siri liko kwa nani, kilitafute wiki hii.