Mwaka wa lugha usirukwe

Daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu juu ya ziwa kati ya Kigongo na Busisi, lilijengwa na kampuni za China na kufunguliwa Juni 19, 2025. Mabondo ya sangara wa mialo yetu nayo huishia kwenye masoko ya Wachina. Kwa hiyo mzazi wa Sengerema anayeuza ng'ombe ili mwanawe akasome China hutarajia, pamoja na shahada, arudi na Kichina cha kumpatia ugali.

Wengi hawarudi nacho, na wala si uvivu. Kozi nyingi za wageni huko, hasa udaktari, hufundishwa kwa Kiingereza. Kijana analala bweni la wageni, jioni anasonga ugali na Watanzania wenzake, dukani analipa kwa simu bila kufungua mdomo. Mambo humgeukia anapofika wodini kwa mazoezi: bibi mgonjwa anaeleza tumbo linavyomsokota, naye hajui hata kumuuliza limeanza lini.

Waliokwenda Moscow enzi za Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kilichoanzishwa 1960, hawakuwa na pa kujificha. Walianza na mwaka wa maandalizi wa Kirusi, kisha mihadhara na mitihani ikafuata kwa Kirusi hichohicho.

Utafiti nao unagusa suala hili. Mwaka 1967 Mmarekani John B. Carroll alichapisha matokeo ya kuwapima wanavyuo waliosomea lugha za kigeni: waliowahi kukaa ng'ambo, hata kwa muda mfupi, waliwazidi wenzao. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa wepesi wa kuzungumza ndio hukua zaidi, sarufi hujikokota, na mengi hutegemea unashinda na nani.

Vijana wetu wana mtaji ambao hatuutaji. Kisukuma, kama Kichina, ni lugha ya toni. Sikio lililolelewa nacho si geni kwa mchezo huo. Na Taasisi ya Confucius, inayofundisha Kichina, ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2013; anayesoma huko anaweza kuanza kabla ya safari.

Mzazi, kabla hujampa wakala hela ya ng'ombe, muulize: masomo yanafundishwa kwa lugha gani, na je, kuna mwaka wa lugha? Kama upo, mwache mtoto ausome wote, hata kama shahada itachelewa.