Upigaji picha za michezo

Upigaji picha za michezo ni tawi la upigaji picha linalohusu kunasa matukio ya wachezaji wakiwa mchezoni. Tofauti na picha za studio, mpigapicha hawezi kumwomba mchezaji asimame au arudie alichofanya. Kwa hiyo anayeanza hujifunza kuutumia mwanga uliopo, kuchagua mahali pa kusimama na kubashiri tukio kabla halijatokea.

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, nafasi ya kujifunza hupatikana kwenye viwanja vya shule. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari huanzia ngazi za chini na kupanda hadi wilaya, mkoa na taifa. Huwa na soka, netiboli, mpira wa wavu, mpira wa mikono na riadha.

Mwanga

Ngara iko karibu na longitudo 31 mashariki, ilhali saa za Tanzania hufuata longitudo 45. Kwa sababu hiyo jua hufika juu kabisa karibu saa 7 mchana na huzama karibu saa 1 jioni. Picha za mchana huwa na vivuli vizito machoni na chini ya kidevu. Mechi ya saa 10 jioni huwa na mwanga wa upande, ulio bora zaidi.

Jua likiwa mgongoni mwa mpigapicha, nyuso za wachezaji huonekana vizuri. Akilielekea jua, kamera hupima anga jeupe na kupunguza mwanga, na nyuso za wenye ngozi nyeusi hupotea gizani. Dawa yake ni kuhamia upande wa pili, au kugusa uso kwenye kioo cha simu na kuongeza mwangaza.

Kasi ya shata

Shata hufunguka kwa muda mfupi ili kuingiza mwanga. Kasi ya 1/500 ya sekunde hutosha kwa matukio mengi ya soka, na 1/1000 hufaa kwa mbio fupi. Kila kasi inapoongezwa mara mbili, mwanga unaoingia hupungua kwa nusu. Ndiyo maana jioni mpigapicha hupanua tundu la lenzi au hupandisha ISO, ingawa ISO kubwa huleta chembechembe kwenye picha.

Mahali pa kusimama

Netiboli ni rahisi kwa mwenye simu. Uwanja wake una urefu wa mita 30.5, ilhali wa soka huwa na mita 90 hadi 120. Mchezaji haruhusiwi kukaa na mpira zaidi ya sekunde 3, na ni wawili tu wa kila timu wanaoruhusiwa kufunga. Aliye karibu na goli, nje ya mstari, hujua nani wa kumwangalia na lini.

Kwenye soka, mwenye simu hukaa karibu na kibendera cha kona na kusubiri mchezo umfikie, kwa kuwa kuvuta picha kidijitali hupunguza ubora wake. Kupiga magoti huwafanya wachezaji waonekane warefu.

Ruhusa na maelezo

Wachezaji wa mashindano hayo wengi ni watoto, hivyo ruhusa huombwa kwa walimu na wazazi kabla ya kupiga na kusambaza picha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha ya mtoto aliyeumia, au ambaye nguo imemvuka alipoanguka, haisambazwi hata kama ni kali kuliko nyingine zote.

Kila picha huandikiwa tarehe, uwanja, timu na matokeo siku hiyohiyo. Bila hayo, baada ya miaka michache hata waliocheza hushindwa kutambua ilikuwa mechi gani.